Mjadala wa Kanda Kuukuu

Katika nyumba nyingi za wilaya za Tarime na Serengeti, chini ya vitanda na juu ya makabati, ndani ya masanduku ya bati ambamo zamani ziliwekwa nguo za sikukuu na hati za mashamba, zimelala kaseti ambazo vumbi limezigeuza zote kuwa za rangi moja; na ndani ya kaseti hizo wamo wazee waliokwisha kuaga dunia, wakipiga iritungu, ile ala kubwa ya nyuzi 8 ambayo Mkuria hawezi kuisikia ikilia mbali asigeuze kichwa, wakisimulia asili ya koo zao, wakiwausia watoto ambao leo wenyewe wana mvi. Hapakuwa na mtu aliyezirekodi kwa ajili ya ulimwengu. Zilirekodiwa kwa redio za betri, penye arusi na penye matanga, na aliyebonyeza kitufe hakuwa na nia nyingine illa kwamba kesho yake ausikie tena wimbo wa jana.

Siku hizi wajukuu wanataka kuzitoa sauti hizo katika utepe, kuzitia katika kompyuta na kuzipandisha katika intaneti, ili aliye Dar es Salaam, au Nairobi, au ng'ambo, azipate. Jambo ni jema. Lakini kila anayelianza hufika mahali ambapo mashine humwuliza maswali: sauti ipimwe mara ngapi kwa sekunde, kila kipimo kipewe biti ngapi, iwe njia moja au mbili, ibanwe au isibanwe, isafishwe au iachwe na vumbi lake, na aghalabu mtu huridhia jibu lolote ambalo mashine imekwisha kumtayarishia, akidhani kwamba mambo hayo ni ya mafundi na hayamhusu. Mimi naona ndani ya maswali hayo mna swali la mirathi, nalo ni hili: nani mwenye haki ya kuamua ni sehemu gani ya sauti ya marehemu ibaki, na ni sehemu gani itupwe?

Juu ya swali hilo nimesikia hoja nyingi, kwa watu wengi, kwa miaka kadhaa. Hapa nimezikusanya katika vinywa vitatu, wala hakuna hata kimoja kilicho cha mtu mmoja. Wa kwanza ni Fundi, kijana wa mjini Tarime mwenye kibanda cha kuweka nyimbo katika simu. Wa pili ni Mwalimu, mstaafu wa Mugumu. Wa tatu ni Bibi, mwenye kaseti, ambaye baba yake alikuwa mpigaji wa iritungu. Wameketi katika kibanda cha Fundi, mvua inanyesha juu ya bati, na kwa hiyo hakuna mwenye haraka ya kuondoka.

FUNDI: Shikamoo, bibi. Shikamoo, mwalimu.

BIBI: Marahaba, mura.

FUNDI: Kazi yangu ni kuwapa watu nyimbo. Huja na simu, huja na flashi, nami huwawekea. Basi naomba mnisikilize kama mtu ajuaye hali za wateja wake. Kaseti hii ya dakika 90 nikiichukua kwa kipimo anachokitaka mwalimu, yaani kuipima mara 96,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 24, kwa njia mbili, nitapata faili la gigabaiti 3 na zaidi. Nikiibana kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, haitafika megabaiti 90. Nani kule Nyamwaga, au kule Nyamongo, atakayenunua bando la gigabaiti 3 ili amsikilize babu yake? Sauti isiyofika masikioni ni bubu, hata ikiwa bora namna gani.

MWALIMU: Hoja ya kijana ina insafu, nami sitaki kila mjukuu abebeshwe mzigo huo. Ninachotaka ni kwamba kabla ya kutengeneza nakala ya kugawa, pawe na nakala ya hifadhi, mama wa nakala zote, isiyobanwa wala kuguswa. Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, katika mwongozo wake uitwao TC-04, ambao toleo la pili lilitoka mwaka 2009, imeshauri kwamba tusishuke chini ya vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24. Na hifadhi nyingi zimechagua 96,000. Hayo si majivuno ya matajiri. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita kwa jirani zetu Wakipsigis akarekodi nyimbo zao, pamoja na ule wimbo wa wasichana uitwao «Chemirocha». Mwaka 1954 akaanzisha hifadhi ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Na nyimbo hizo ziliporudishwa kwa wenyewe kule Kenya, mnamo mwaka 2015, wazee waliweza kuzisikia kwa sababu palikuwa na mtu aliyetunza asili, wala hakuridhika na kivuli chake.

FUNDI: Lakini Tracey alikuja na mashine ya kazi hiyo, mwalimu. Sisi tuna kaseti. Tangu kampuni ya Philips ilipoitoa mwaka 1963, kaseti ni utepe usiofika upana wa milimita 4, uendao chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Kaseti ya kawaida, iliyorekodiwa kwa redio ya kawaida, haina sauti ya maana juu ya hezi 15,000. Na vipimo 48,000 kwa sekunde vinachukua sauti mpaka karibu hezi 24,000. Hizo 96,000 zitateka nini katika kisima kisicho na maji?

Hapa mimi, mwandishi, naomba nafasi niseme kwamba juu ya jambo hili namwunga mkono Fundi, ingawa Mwalimu ndiye aliyesoma mwongozo. Kwa kaseti ya nyumbani, vipimo 48,000 vinatosha, na fedha itakayookolewa katika diski ni afadhali itumike kununulia pamba na spiriti ya kusafishia kichwa cha redio, na bisibisi ndogo ya kukinyosha kichwa hicho kiulalie utepe kama kilivyoulalia kile kilichorekodi. Maana kichwa kilichopinda kidogo tu huipotezea sauti ukali wake wote wa juu, na hapana idadi ya vipimo iwezayo kurudisha kile ambacho kichwa hakikukisoma. Na kama redio iliyorekodi ilikuwa ya njia moja, kama zilivyokuwa nyingi, ichukuliwe kwa njia mbili, kisha isikilizwe ipi kati ya hizo ni safi zaidi, ikabaki hiyo. Nusu ya uzito wa faili imeondoka, wala hapana kilichopotea.

Lakini biti 24 nazitetea. Biti 16 zinaweza kubeba tofauti ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo na kubwa, na kaseti haina tofauti hiyo hata kidogo. Kwa hesabu kavu, basi, 16 zingetosha. Ila anayezijua kanda za arusi za huku kwetu anajua kwamba mpigaji anaweza kuimba taratibu kwa dakika 10 nzima, ukairidhia sauti yake ukaipandisha mpaka karibu na dari, na mara akina mama wakapasua vigelegele karibu na redio. Sauti ikigonga dari ya kompyuta hukatwa kichwa, ikawa bapa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Biti 24 humpa fundi idhini ya kuiacha sauti chini, mbali na dari, bila hofu kwamba sehemu zake za unyonge zitazama. Vigelegele vikija, vipate pa kupandia.

Fundi na Mwalimu walikubaliana hapo upesi kuliko nilivyotazamia. Ugomvi ulizuka juu ya usafi.

FUNDI: Sikilizeni wenyewe. Shshshsh hiyo, tangu mwanzo hadi mwisho. Ninayo programu inayoondoa kelele: naionyesha mahali penye kelele tupu, inajifunza, kisha inaifuta kote. Mtu akisikia sauti safi hufurahi. Akisikia hiyo ya mchanga husema kijana huyu hajui kazi.

BIBI: Hebu isafishe tuisikie.

Akaisafisha. Shshsh ikaondoka, ukaingia utulivu kama wa chumba kilichofungwa madirisha, na iritungu likasikika, nyuzi zake zikianguka moja moja, safi, mfano wa gitaa linalojifunzwa shuleni. Bibi akasikiliza hadi kibwagizo cha pili.

BIBI: Hili si iritungu la baba yangu. La baba yangu lilikuwa likinguruma. Kila uzi ulikuwa na mkwaruzo nyuma yake, kama nyuki ndani ya mzinga. Watoto wadogo walikuwa wakiweka mkono juu ya ngozi yake ili wausikie kwa kiganja. Umeutoa wapi mkwaruzo, mura?

Programu ilikuwa imeuhesabu mkwaruzo kuwa ni kelele. Na kwa kweli, kwa mashine isiyojua, mkwaruzo na kelele ya utepe vina sura moja, kwani vyote viwili vimetawanyika kutoka chini hadi juu, vyote viwili havina noti moja ya kushikika. Tofauti yao ni kwamba kimoja kilitoka katika chuma na vumbi, na cha pili kilitoka katika nia ya mtu aliyeitengeneza ala yake makusudi ilie hivyo.

Jambo hili linanigusa kwa namna ambayo siwezi kuificha. Miaka iliyopita nilipeleka kaseti ya jamaa yangu katika duka moja, katika mji mmoja ambao hauna haja ya kutajwa, ili inakiliwe. Nilirudishiwa sahani ya CD yenye sauti tulivu mno, nikafurahi kama mjinga, nikalipa na kushukuru. Baada ya mwezi kaseti yenyewe ilimezwa na redio, utepe ukajikunja na kukatika vipande. Na ndipo nilipoketi kuisikiliza CD kwa makini nikagundua kwamba pumzi za mzee kati ya maneno zimefutwa, miisho ya sentensi zake, pale alipokuwa akishusha sauti ili wasikilizaji wasogee, imekatwa, na ala yake imekuwa ya plastiki. Ndiyo nakala pekee iliyobaki. Mwenye duka hakunitendea uovu. Alinipa kile alichodhani ni bora, na hakuna aliyemwambia asidhani.

MWALIMU: Nami niongeze. Kikuria kina irabu 7, na lugha ya Waikoma kule kwetu Serengeti kadhalika, ambapo Kiswahili kina 5. Fauka ya hayo, Kikuria ni lugha ya toni, na toni zake zimewashangaza wataalamu: Michael Marlo, Leonard Chacha Mwita na Mary Paster wameonyesha kwamba njeo ya kitenzi ndiyo inayoamua kama sauti ya juu ianzie pigo la kwanza la shina, au la pili, au la tatu, au la nne. Maana yake, mzee akilisema neno refu, pengine jambo kubwa limelala karibu na mwisho wake. Na mwisho ndipo pumzi inapopungua, na ndipo programu ya kusafisha inaposhika mkasi. Mtafiti wa mwaka 2070 atakuja kuuliza mzee huyu alisema kimekwisha kutendeka au kitatendeka, naye atakuta ukimya.

FUNDI: Na MP3, mwalimu? Hiyo haishiki mkasi. Inabana tu.

MWALIMU: Inabana kwa kutupa. Huhesabu ni sauti ipi itafunikwa na kubwa iliyo jirani yake hata sikio lisiitambue, ikaiacha. Nauliza, sikio la nani? Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wahandisi wa Ujerumani walioibuni, amesimulia jinsi alivyoipima na kuirekebisha kwa wimbo wa Suzanne Vega, «Tom's Diner», ambamo mwanamke anaimba peke yake bila ala. Ni kipimo kizuri. Lakini sidhani kama iritungu lilikuwapo mezani siku hiyo.

FUNDI: Basi tuijaribu hapa, mbele ya bibi. Tusiseme kwa vitabu.

Wakaijaribu, na katika jambo hili naona Fundi alitutangulia sote kwa busara. Alitengeneza nakala za wimbo uleule, kutoka katika ile isiyosafishwa: MP3 ya kilobiti 32, ya 64, ya 128, zote za njia moja, na moja ya aina ya Opus, iliyoidhinishwa mwaka 2012, kwa kilobiti 48. Akazicheza bila kusema ipi ni ipi. Ile ya 32 Bibi aliikataa kabla wimbo haujashika kasi: ukali wa juu ulikuwa umekatwa, na mkwaruzo uliobaki ulikuwa ukichemka kama maji. Ya 64 akasema ni baba yake akiwa na mafua. Ya 128 na ya Opus akazikubali zote mbili, akaomba arudiwe ya Opus, kisha akasema hajali, zote zina nyuki. Opus hiyo, kwa kaseti nzima ya dakika 90, ni megabaiti 32 na ushei.

Fundi akaandika karatasini: Opus 48, kwa simu kongwe zisizoifungua, MP3 128. Mwalimu akaandika chini yake: asili, 48,000 na biti 24, WAV, haikuguswa, sehemu mbili tofauti. Akaeleza kwamba sehemu mbili ni diski mbili zisizolala nyumba moja, kwa sababu moto, mwizi na mchwa havibishi hodi. Na kila nakala ndogo ya baadaye itengenezwe kutoka kwa mama, isitengenezwe kutoka kwa dada yake. Maana kitu kilichobanwa kikibanwa tena hupotea mara ya pili, na sote tumepata kusikia nyimbo za WhatsApp ambazo mtu amezicheza kwa simu moja akazirekodi kwa nyingine, hata hazina tofauti na mtu anayeongea ndani ya mtungi.

BIBI: Kuna nyimbo humu za jando. Hizo msizirushe.

Hapakuwa na mjadala. Fundi alizitenga, na nadhani alifanya vema kutouliza sababu, kwa kuwa mwenye amana akisema hiki kisitoke, hoja za kiufundi zimekwisha.

Mwalimu alikuwa na shauku ya kwake, ambayo aliileta mvua ilipokuwa ikipungua. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliundwa mwaka 1951, na wazee wa Ikoma, Nata, Ishenyi na Ngoreme waliendelea kuvitaja vilima na mito ambako babu zao waliishi na kuwinda na kufanyia matambiko, mahali ambapo leo hapana mwenyeji illa wanyama. Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliwasikiliza wazee hao, na kitabu chake, «Imagining Serengeti», cha mwaka 2007, kimejengwa juu ya kumbukumbu zao. Lakini kitabu, alisema Mwalimu, huandika jina la kilima kwa herufi, na herufi zetu zina irabu 5; matamshi ya jina lenyewe yamo katika kaseti peke yake. Ndiyo sababu yeye hukasirika mtu akimwambia kwamba kwa usemi, MP3 yoyote inatosha. Huenda kweli inatosha kwa kuelewa habari. Kwa kulitamka jina la kilima ambacho hapana tena mtu anayekaa juu yake, anataka chote kilichomo.

Baada ya hapo Fundi akaweka kaseti ya pili, iliyokuwa na jina la baba yake Bibi kwa wino uliofifia, na iritungu likaingia kwa kasi, na mwimbaji juu yake.

BIBI: Huyu ni nani?

FUNDI: Imeandikwa ni baba yako, bibi.

BIBI: Baba yangu hakuwa na sauti ya mvulana ambaye hajaingia jando.

Fundi akafahamu mara moja. Betri zilikuwa zimechoka siku ile. Redio ilirekodi ikijikokota, na sasa mashine yenye nguvu kamili inaukimbiza utepe kuliko ulivyokimbia, na sauti yote imepanda. Laiti ingalirekodiwa kwa umeme wa ukutani, mngurumo wake wa hezi 50 ungalikuwamo ndani ya sauti, na kutokana nao angaliweza kuirudisha kasi kwa hesabu. Betri hazingurumi. Wala iritungu halina noti moja iliyokubaliwa na ulimwengu; kila mpigaji hulitega kwa koo lake. Hapakuwa na kipimo chochote chumbani humo, isipokuwa mmoja aliyeketi juu ya kigoda.

Akapunguza asilimia 2. Bado, akasema Bibi. Akapunguza 4. Bado. Akapunguza 5, na Bibi hakusema kitu, akamwashiria kwa mkono aendelee kidogo. Katika asilimia 6 wimbo ulifika mahali pa kiitikio, na kabla walioitikia ndani ya kaseti hawajafumbua vinywa, Bibi alikuwa amekwisha kuitikia, kwa sauti ndogo, mahali pake hasa, wao wakamfuata.

Mwaka 2019 UNESCO na IASA waliwatahadharisha wenye hifadhi kote duniani kwamba mashine za kuchezea tepe, na vipuri vyake, zinakwisha. Tahadhari hiyo ni ya haki, nami nasihi kila mwenye redio kaseti nzima asiiuze. Lakini redio yaweza kupatikana Nairobi au Mwanza, kwa bei mbaya. Mtu wa kusema «hapo» katika asilimia 6, kwa kaseti hii, alikuwa mmoja, na umri wake ulikuwa mkubwa.

Fundi hakuigusa nakala ya asili. Aliiacha na haraka yake, kama Mwalimu alivyomwelekeza, akaituliza ile ya kugawa peke yake. Kisha, katika nafasi ya maelezo iliyo ndani ya faili, ambayo kwa kawaida huiacha tupu, akaandika jina la mpigaji, mahali, na maneno haya: kasi imepunguzwa asilimia 6 kwa ushahidi wa binti yake. Akamsomea Bibi. Bibi akamwomba aongeze kwamba redio ilikuwa ya mjomba, na kwamba betri zilinunuliwa Sirari kwa fedha ya kuku, naye akaandika.

Mvua ilikuwa imekwisha. Mwalimu akasimama, akashika kofia, akakumbusha kwamba basi la Mugumu halimngoji mtu.

BIBI: Kaa, mwalimu. Mura, geuza upande wa pili.